Njaa Iliyopangwa Mezani

Mwezi Oktoba 1905, Vita vya Majimaji vikiwa na umri wa miezi mitatu hivi, ofisa mmoja wa jeshi la Wajerumani aitwaye Kapteni Wangenheim aliwaandikia wakubwa wake taarifa ya kikazi. Aliandika kwa utulivu, kama mtaalamu anayetoa ushauri. Mapigano peke yake, alisema, hayatafika mbali. Kitakachowafanya wenyeji wasalimu amri kabisa ni njaa na dhiki. Taarifa ikapokelewa na kusomwa, ikaingia kwenye jalada. Miezi iliyofuata, vihenge vya nafaka kutoka Umatumbi hadi Ungoni vilikuwa vinateketea kwa moto.

Mazungumzo ya leo yanahusu karatasi za namna hiyo. Wasikilizaji wa ukanda huu, kuanzia Tingi na milima ya Mbinga kushuka hadi Mbamba Bay na Liuli, wamelelewa na simulizi za Majimaji. Wanamjua Kinjikitile na maji yake, wanaijua bunduki ya mtombo iliyowavunja Wangoni, wanakijua kitanzi cha Songea. Anayetajwa kwa nadra ni karani: yule aliyekaa mezani na kalamu, akapokea ushauri wa kuwaua watu kwa njaa, akaugonga muhuri. Miaka 37 baadaye makarani wa nchi ile ile walikaa kwenye meza nyingine, mjini Berlin, wakapanga kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya nzima. Meza hizo mbili hazikuwa na kazi moja, na tofauti yake itaelezwa. Lakini anayetaka kujua maofisa hupangaje kifo cha umati atajifunza mengi akizitazama pamoja.

Kwanza Ungoni. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Matumbi, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Mganga Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yalikuwa yameshasafiri. Yalipofika kwa Wangoni, Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Nkosi Chabruma wa Mshope waliingia vitani, na mwezi Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa. Gavana wa koloni, Gustav Adolf von Götzen, aliomba msaada Berlin, akatuma vikosi vya kwenda bara. Kikosi cha Meja Johannes kilitoka Kilwa na kufika Songea mwishoni mwa Novemba.

Mkulima yeyote wa Ruvuma anajua maana ya mwishoni mwa Novemba. Ndipo mvua zinapoanza, na mashamba hayasubiri mtu amalize kukimbia. Asiyepanda Desemba hana cha kuvuna Aprili wala Mei, na akiba ya kihenge ndiyo inayomvusha hadi mavuno. Anayetaka kuwaua watu wa nchi hii bila kupoteza risasi nyingi anahitaji kufanya mambo mawili tu: kuchukua kilichomo kihengeni na kuzuia jembe lisiingie ardhini. Wajerumani walifanya yote mawili. Askari na rugaruga, wapiganaji wasaidizi wao, walipita kijiji kwa kijiji. Chakula kilichobebeka kikabebwa kulisha kikosi, kisichobebeka kikachomwa pamoja na nyumba. Mifugo ikaswagwa. Wanawake na watoto wengi wakachukuliwa mateka, na bila wao nusu ya nguvu ya shamba ilikuwa imekwenda.

Je, njaa iliyofuata ilikuwa bahati mbaya ya vita? Kapteni Richter, mkuu wa kituo cha Songea, alilijibu swali hilo mwenyewe. Mmisionari mmoja alipomwonya kwamba watu watakufa kwa njaa, alijibu kwamba hilo ni sawasawa. Wafe njaa, chakula cha Wajerumani kitapatikana tu, na kama angekuwa na uwezo angewazuia hata kupanda, maana hiyo ndiyo njia ya kuwachosha na vita. Huyo alikuwa ofisa wa serikali akieleza sera ya kazini kwake. Gavana naye, baada ya kuacha ugavana, aliandika kitabu kuhusu vita hivyo, kikachapishwa 1909. Humo alieleza bila kificho kwamba kuharibu mali na akiba ya adui kwa utaratibu maalumu ni jambo lisiloepukika katika vita vya aina ile.

Wazee wa ukanda huu hawakungoja kitabu cha Götzen ili kuyajua hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya waliokuwa bado hai. O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliandika juu ya vita vya Ungoni, na kazi yao ikachapishwa 1969. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifanya kazi kama hiyo kwa nchi nzima ya Majimaji. Kabla yao, sehemu kubwa ya habari ilitoka kwenye majalada ya walioshinda.

Na majalada hayo yana hesabu ya kushangaza. Kwa upande wa serikali yameandika waliokufa: Wazungu 15, askari 73, rugaruga na wasaidizi wengine 316. Kila mmoja amehesabiwa, hadi tarakimu ya mwisho. Wenyeji wamekadiriwa kwa jumla: watu 75,000. Gwassa alipopitia ushahidi alifikia kati ya 250,000 na 300,000, na wengi kati yao waliuawa na njaa na magonjwa yanayoifuata, risasi zikiwa zimeshanyamaza. Serikali iliyokuwa na daftari la kodi ya kibanda, iliyojua kila rupia ilikotoka, ilishindwa kusema ni watu wangapi wameteketea chini ya bendera yake. Au haikuona haja.

Waliopewa heshima ya kuhesabiwa ni wale wa kitanzini. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni, zaidi ya sitini, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, walinyongwa mjini Songea na kufukiwa katika kaburi moja. Siku chache baadaye alinyongwa Nduna Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo jina la mji. Mahali hapo leo pana Makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka.

Wiki tatu baada ya Mputa kunyongwa, tarehe 19 Machi 1906, katika mji wa Solingen huko Ujerumani alizaliwa mtoto aliyeitwa Adolf Eichmann. Alipofikisha miaka 35 alikuwa mkuu wa idara ndogo katika ofisi kuu ya usalama mjini Berlin, anashughulikia mambo ya Wayahudi. Yeye ndiye aliyeandaa muhtasari wa kikao ambacho wanahistoria hawaachi kukizungumzia.

Kikao kilifanyika tarehe 20 Januari 1942 katika jumba la kifahari kando ya ziwa Wannsee, nje kidogo ya katikati ya Berlin. Mwaliko ulisema saa sita mchana, chakula baadaye. Mwanzoni kilipangwa Desemba, kikaahirishwa. Mwenyekiti alikuwa Reinhard Heydrich, mwenye umri wa miaka 37, ambaye Julai 1941 alipewa na Hermann Göring barua ya kumruhusu kuandaa mpango wa jumla wa suala la Wayahudi. Wajumbe walikuwa 15. Palikuwa na wakuu wa polisi na wa SS, kikosi cha chama cha Wanazi, lakini palikuwa pia na wizara: Mambo ya Ndani, Sheria, Mambo ya Nje, ofisi ya Kansela, wizara ya maeneo yaliyotekwa ya mashariki. Zaidi ya nusu yao walikuwa na shahada ya udaktari. Wengi walikuwa wanasheria. Ofisi yoyote ya serikali ingejivunia kuwa na watumishi wenye vyeti vya namna hiyo.

Wengi hudhani hapo ndipo mauaji yalipoamuliwa. Sivyo. Tangu kiangazi cha 1941 vikosi maalumu vilikuwa vikiwapiga risasi Wayahudi katika nchi za Kisovieti. Kwenye bonde la Babi Yar, nje ya Kiev, watu 33,771 waliuawa kwa siku mbili mwishoni mwa Septemba, na waliowaua ndio walioandika tarakimu hiyo. Tarehe 8 Desemba, huko Chelmno nchini Poland, watu walianza kuuawa kwa gesi ndani ya malori. Kwa hiyo wajumbe wa Wannsee hawakuitwa kuulizwa kama watu wafe. Heydrich alitaka mambo mawili: kila wizara ikubali kwamba ofisi yake ndiyo inayoongoza, na isijitokeze wizara yoyote baadaye kudai kwamba haikushirikishwa. Mtu aliyewahi kukaa kikao cha idara zinazogombea mamlaka ataitambua hali hiyo mara moja.

Kikao kilichukua kama saa moja na nusu. Mezani palikuwa na orodha ya nchi za Ulaya, kila moja na idadi ya Wayahudi wake, jumla zaidi ya milioni 11. Uingereza ilikuwamo, 330,000, ingawa Wajerumani hawakuwa wameiteka. Ireland, nchi isiyo na upande katika vita, 4,000. Albania, 200. Hapa ndipo meza ya Berlin inapoachana na ile ya Ungoni. Ungoni watu walikufa kwanza, wakakadiriwa baadaye. Wannsee walihesabiwa wakiwa hai, kila jamii katika nchi yake, hadi wale 200 wa Albania, ili asisalie mtu.

Muhtasari hautumii neno kuua. Unasema watu watahamishiwa mashariki, watafanyishwa kazi, wengi watapungua kwa njia ya asili, na watakaobaki watashughulikiwa ipasavyo. Hakuna aliyeuliza maana yake. Walichouliza kinaeleza zaidi kuliko walichonyamazia. Erich Neumann, kwa niaba ya ofisi ya Mpango wa Miaka Minne wa uchumi, aliomba Wayahudi wanaofanya kazi katika viwanda muhimu wasiondolewe kabla ya kupatikana wa kuwabadili. Wilhelm Stuckart wa Mambo ya Ndani alilalamika kwamba mapendekezo kuhusu watu wenye mzazi mmoja Myahudi na kuhusu ndoa za mchanganyiko yangeleta kazi ya karatasi isiyo na mwisho. Akapendekeza watu hao wafungwe uzazi kwa lazima na ndoa zivunjwe kwa sheria. Josef Bühler, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani nchini Poland, aliomba kazi ianzie kwake, kwa sababu kwake usafiri haukuwa tatizo. Tazama aina ya pingamizi: nguvu kazi, wingi wa makaratasi, usafiri. Kisha wakala.

Usafiri nao ulikuwa na taratibu zake. Shirika la reli la Ujerumani lilitoza nauli kwa kila Myahudi aliyepelekwa kambini, daraja la tatu, kwenda tu bila kurudi. Watoto chini ya miaka kumi walilipiwa nusu, chini ya minne bure, na kundi lililozidi watu 400 lilipata punguzo la nusu. Bili ilitumwa kwa ofisi ya usalama. Mkata tiketi hakuhitaji kumchukia mtu yeyote. Alihitaji kujua kanuni za nauli. Hadi vita vinakwisha, Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa.

Na njaa? Haikusahauliwa. Tarehe 2 Mei 1941, wiki chache kabla ya kuivamia Urusi, makatibu wakuu wa wizara kadhaa walikutana Berlin kujadili chakula. Hesabu zao, zilizosimamiwa na Herbert Backe wa wizara ya kilimo, zilikuwa hivi: jeshi la Ujerumani lile nafaka ya Urusi, ziada ipelekwe nyumbani. Maandishi ya kikao hicho yanakiri wazi kwamba, mpango ukitekelezwa, makumi ya mamilioni ya watu watakufa njaa. Waliandika, wakaendelea na ajenda iliyofuata. Mateka wa Kisovieti zaidi ya milioni tatu walikufa mikononi mwa Wajerumani, wengi kwa njaa na baridi. Msikilizaji akiiweka karatasi hiyo kando ya ile taarifa ya Wangenheim, ataona kwamba mwandiko umebadilika lakini hoja ni ile ile: chakula ni silaha ya bei nafuu, na anayekufa njaa hahitaji mnyongaji.

Kusema hivyo si kusema kwamba Majimaji na mauaji ya Wayahudi ni kitu kimoja. Götzen alitaka watu wasalimu amri, walipe kodi, walime pamba. Koloni lisilo na watu halikuwa na faida kwake. Hitler na wasaidizi wake hawakumtaka Myahudi hata mmoja, awe ameinua mikono au hajainua. Kati ya hao wawili anasimama Jenerali Lothar von Trotha. Huyu aliongoza jeshi la kikoloni hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, akapelekwa Namibia, na tarehe 2 Oktoba 1904 akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi. Ujerumani ilikiri 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Mwanahistoria Jürgen Zimmerer ameandika sana juu ya njia inayotoka makoloni ya Afrika hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Wenzake wengine wanapinga, wakisema njia hiyo haijanyooka kiasi hicho. Wapinzani wana hoja: Ubelgiji na Uingereza nazo zilimwaga damu makoloni bila kujenga Auschwitz. Hata hivyo, desturi za ofisini husafiri kwa urahisi kuliko itikadi. Franz von Epp, aliyekuwa ofisa katika vita vya Namibia, baadaye ndiye aliyeongoza ofisi ya siasa za makoloni ya chama cha Wanazi.

Wapo pia watu wa nchi hii waliopita kati ya dola hizo mbili, ya kikoloni na ya Kinazi, kwa miguu yao. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1904, majuma mawili tu kabla ya Heydrich. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe akaingia jeshini akiwa mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Alibaki huko, akafanya kazi ya uhudumu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu za kusifu ukoloni, maana ndiyo nafasi aliyopewa mtu mweusi. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani na kupelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944. Nchi iliyokataa kumlipa mshahara wake haikuchelewa kumtia kambini.

Yaliwapata nini waliokuwa mezani? Götzen aliacha ugavana 1906 kwa sababu ya afya, akapewa ubalozi huko Hamburg, akafa 1910. Jina lake lilipewa meli iliyojengwa Papenburg na kuunganishwa Kigoma, ambayo leo Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba. Heydrich aliuawa na wapiganaji wa Chekoslovakia 1942. Backe alijinyonga gerezani 1947. Bühler alinyongwa Poland. Eichmann alikimbilia Argentina, akakamatwa 1960, akahukumiwa Jerusalem na kunyongwa 1962. Lakini Stuckart aliachiwa 1949, na Gerhard Klopfer, mjumbe aliyeiwakilisha ofisi ya chama, alifanya kazi ya uwakili na kuishi hadi 1987.

Muhtasari wenyewe ulitolewa nakala 30. Wajumbe waliharibu zao vita vilipowageukia. Ikasalia moja, nakala namba 16, ya Martin Luther wa wizara ya Mambo ya Nje, iliyogunduliwa 1947 na waendesha mashitaka wa Kimarekani kwenye masjala ya wizara hiyo. Bila karatasi hiyo, wote waliohudhuria wangeweza kuapa kwamba walikwenda kula chakula cha mchana tu, na baadhi yao walijaribu kusema karibu hivyo.

Kwa Ungoni karatasi zipo, lakini kesi haikuwahi kuwapo. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano kwenye makumbusho na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Familia inaamini kwamba kichwa cha nduna huyo kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Rais aliahidi kwamba nchi yake itajitahidi kukitafuta. Mwaka huo huo watafiti wa makumbusho ya Berlin walitoa matokeo yao juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Waliyoyatambua kuwa ya Tanzania yalikuwa 202. Kwa machache kati ya hayo, vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai, huko Kilimanjaro. La Songea Mbano halikutambuliwa miongoni mwayo.